Pasaka Niliyosomwa Pamoja na Wafu

Mwezi uliopita tumemzika Debora. Mjukuu wake, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, alisimama mbele ya jeneza akasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa, kabatizwa, kaolewa, kazaa saba, kaimba kwaya mpaka sauti ikaisha. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na wanawake wenzangu, nimetega sikio, nangojea mahali fulani. Kijana alipofika pale akaruka kama mtu anayeruka dimbwi barabarani. Alibatizwa, akasema, kisha akaolewa. Katikati hapo hakuna kitu. Nikasema moyoni, Debora, wamekuruka. Miaka ile tuliyolala chumba kimoja na kula sahani moja, wameiruka. Na nani kawafundisha kuruka? Sisi wenyewe. Maana wakati tunarudi nyumbani Kanyenye, mjukuu wangu Neema aliniuliza ndani ya gari, "Bibi, wewe na Bibi Debora mlijuana wapi?" Nikamjibu kama nilivyowajibu watu miaka yote: "Shuleni." Akacheka. "Shule gani, Bibi? Si unasema wewe ulisoma kwa kuchunga ndama porini?" Nikamwambia asinichokoze, natoka msibani. Lakini asubuhi yake nikamwambia aniletee daftari na kalamu, asiniulize vya nini.

Basi naandika. Mwandiko wangu ni wa kuku, anayetaka uzuri akasome gazeti. Habari za ukoo wetu waulizeni wajomba, wao ndio wanaozipenda. Mimi naandika mwaka mmoja tu, wakati wa Mwingereza, nilipokuwa msichana ambaye kifua kimeshaota na akili bado. Mimi na Debora tulijuana kwenye kambi ya wakoma. Haya, nimeandika, na mkono haukukatika.

Nilikuwa na baka begani, jekundu kidogo, pana kama jani la mlenda. Siku moja tunapalilia karanga, siafu akaning'ang'ania pale pale kwenye baka, mama akamwona, mimi sikumsikia. Mama akachukua mwiba akanichoma. Sikustuka. Akanichoma tena. Akautupa ule mwiba, akakaa chini katikati ya karanga zake, na jembe likabaki limesimama peke yake. Hakulia. Kesho yake alfajiri alinifungia mkeka, akanichukua mwenyewe, siku moja na nusu kwa miguu, tukiifuata ile njia ya misafara ambayo babu zetu walipita na pembe mabegani, kisha tukaiacha tukaingia miombo upande wa Sikonge, mpaka kwenye kambi ya misheni. Majirani walimshauri anijengee kibanda porini aniwekee chakula mbali, ndivyo wengine walivyofanya. Mama akawaambia, "Mbwa ndiye anawekewa chakula mbali." Nataka mlijue hilo mapema, maana baadaye mimi mwenyewe nililisahau.

Nyumba niliyopewa ilikuwa ya udongo, chumba kimoja, vitanda vitatu vya kamba, dirisha dogo kama la banda la kuku. Ilinuka moshi, na nta, na yale mafuta ya sindano waliyokuwa wakitudunga kabla vidonge havijafika, mafuta mazito yaliyoacha makalio yamevimba mpaka mtu akala akiwa amesimama. Kitanda cha kwanza alilala Debora, rika langu, mwenye vidole viwili vilivyojikunja na mdomo usiojua kufungwa. Cha pili alilala Mama Tabea. Huyo mama alikuwa hana kidole hata kimoja. Mikono yake iliishia kama mchi. Lakini alikuwa anasonga ugali, nawaambia ukweli, mwiko ameubana kwapani na kiwikoni, na ugali wake wa mtama ulikuwa laini kuliko wa hawa wakwe zangu wenye vidole kumi na jiko la gesi. Nilipoingia siku ile ya kwanza nimesimama mlangoni, aliniangalia kichwa mpaka mguu akasema, "Una vidole vyote?" Nikasema, "Shikamoo. Ndiyo, vyote." "Marahaba. Basi njoo unifungulie kitabu, nimechoka kupindua kurasa kwa ulimi."

Kitabu chenyewe kilikuwa kile kijitabu cha neno la kila siku, ambacho sisi Wamoravian tunakisoma asubuhi kabla ya uji. Ndivyo nilivyojifunza kusoma. Mimi nashika, napindua, Mama Tabea anasoma kwa sauti, na akifika kwenye neno refu anangoja mpaka nilitamke mimi. Nikikosea ananigusa kisogoni na kile kigutu chake. Hiyo ndiyo shule niliyomwambia Neema. Sikusema uongo wote.

Wageni wetu walikuwa hawaingii. Palikuwa na gogo la mninga limelazwa karibu na lango, mgonjwa anakaa upande huu, mgeni upande ule, mzigo unawekwa juu ya gogo, mmoja anarudi nyuma, mwenzake anauchukua. Sheria hiyo ilikuwa ya kambi au ya woga wa watu, sijui, sikupata kumjua aliyeitunga. Kila mwezi ulipoandama mama alikuja. Aliniletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Watu wengi huanika juu ya paa. Mama yangu alianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, kwa hiyo matobolwa yake yalikuwa na mchanga mdogo unaolia menoni. Nilimwambia siku moja, "Mayo, mbona unanilisha mchanga?" Akajibu kutoka ng'ambo ya gogo, "Ni mchanga wa kwenu, ule usisahau njia." Tukacheka. Kisha akaniambia, kama alivyoniambia kila mara, "Nyoosha mikono." Nikanyoosha, akahesabu vidole vyangu kwa mbali akivielekezea kidevu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Ndipo akafunga kanga yake vizuri akaondoka.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Noeli ile nilibatizwa. Mama Tabea aliniuliza nataka jina gani, nikasema Marta. Akacheka mpaka akakohoa. "Umejichagulia jina la mnung'unikaji wa jikoni! Linakufaa. Lakini ujue huyo Marta ndiye aliyekwenda kumlaumu Bwana mbele ya kaburi la ndugu yake, akamwambia umechelewa. Na Bwana hakumkasirikia." Mimi hayo ya kaburi sikuyajali. Nilipenda lile jina, lilikuwa jipya kama nguo ya Noeli. Nyumbani niliitwa Kabula, jina la watoto waliozaliwa mvua inanyesha, na kwetu mvua ikinyesha wanazaliwa Kabula wengi kama uyoga. Nikaanza maringo. Mtu akiniita Kabula sigeuki. Debora akiita, "Kabula, leta maji," namwambia, "Huyo amezikwa kwenye maji ya ubatizo. Hapa yupo Marta." Nilimwendea hata dresa, yule mfunga vidonda na mgawa dawa wetu, nikamwomba afute jina la zamani kwenye kadi yangu. Akafuta. Mama Tabea aliponisikia alisema, "Ubatizo umekuosha, haukukuzaa upya tumboni mwa mwanamke mwingine. Usimfute mama yako." Nikaona mzee hajui kitu.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa kali, aliletwa mwanamke mmoja kwenye machela, hali mbaya, homa juu ya ukoma. Waliomleta walimweka langoni wakaondoka bila kuaga. Tulichopata kutoka kwake ni jina: Kabula. Ametoka upande wa Nzega labda, au Igunga, kwa matamshi yake, lakini baba yake nani, mji upi, hakuwahi kusema. Alikaa siku tisa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi akafa. Tukamzika mvua inanyesha, watu sita tu, mstari wa mwisho wa makaburi. Mimi nilikwenda kwa sababu Mama Tabea alinilazimisha. Nilisimama pale matope yananipanda vifundoni, nafikiri habari za uji.

Wiki mbili baadaye, jikoni kwa wagonjwa waligawa matobolwa. Sisi tulipata sahani moja, tukayala na karanga za kukaanga, nje kumetanda wingu, ndani moshi mtupu. Nikauma la kwanza, mchanga ukalia menoni. Machozi yakanitoka yenyewe. Debora akaniangalia, "Umeuma jiwe?" Nikasema, "Nimeuma jiwe." Nikaendelea kula, nalia, nala. Hata sikuuliza yametoka wapi. Mtu aliyeshika kamba ya mwokozi wake mkononi akaitumia kufungia kuni, ndiye mimi.

Mama hakuja mwezi ule. Nikasema mvua, mito imejaa. Mwezi wa pili ukaandama, nikaenda kukaa kwenye gogo tangu asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani. Wageni wengine walikuja, wa kwangu hapana. Mwezi wa tatu vivyo hivyo. Nikaanza kusikia maneno. Mnajua wagonjwa wakikaa pamoja hawana kazi nyingine. Wanawake wawili walikuwa wanapeta mtama nyuma ya nyumba yetu, mmoja anamwambia mwenzake, "Yule wa kwa Tabea naye wamemtua." "Wamechelewa. Mimi wangu walinitua mwezi wa kwanza tu." "Wanakuja, wanakuja, halafu siku moja wanaona njia ndefu." Walisema bila ubaya, kama watu wanaozungumza habari za mvua. Kutuliwa, ndivyo tulivyoita. Mpagazi akichoka anatua mzigo kando ya njia. Sisi tulikuwa mizigo.

Hapo ndipo nilipovunjika. Vidonge vilikuwa vimefika mwaka ule ule, vidonge vyeupe, na watu wakaanza kuona mabaka yanafifia, dresa anatembea kama bwana harusi. Na mimi, ambaye ugonjwa wangu ulikuwa mchanga kuliko wa wote, nikaacha kumeza. Nilikiweka chini ya ulimi, nikakitemea kwenye nyasi za paa. Kupona ili niende wapi? Na asubuhi nilikataa kupindua kurasa. Mama Tabea akaomba peke yake, mimi nimelala nimegeukia ukuta. Debora aliyaona yale manyasi yana madoa meupe, akanichongea. Sikusema naye siku nne, na siku nne katika chumba kile ni miaka.

Mama Tabea hakunibembeleza. Alikaa kwenye kitanda changu kwa uzito wake wote, kamba zikalia. "Mume wangu alinileta hapa mwenyewe," akasema. "Alilia kwenye gogo lile. Akasema nakuja baada ya mavuno. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Akaja?"

"Mavuno gani? Nimeona mavuno ishirini."

"Sasa wewe unamngoja nani kila asubuhi na kitabu chako?"

"Simngoji yeye. Namngoja Bwana, na Bwana hajanitua. Wewe unafikiri imani ni kusema kesho mama atakuja? Hiyo ni ramli. Mimi sijui kama mama yako atakuja. Najua kwamba asipokuja, bado leo kuna mtu ameamka na jina lako mdomoni. Mimi. Na huyu mwenye domo hapa." Debora akainamisha kichwa. "Na juu yetu yupo Yeye ambaye hachoki njia. Meza kidonge."

"Sitaki."

"Meza kwa ajili yangu basi. Vidole vyako ndivyo vidole vyangu. Vikianguka, nani atanipindulia kurasa?"

Nikameza. Nasema wazi, siku ile sikumeza kwa imani. Nilimeza kwa aibu. Lakini nimeishi miaka mingi nimeona watu wengi wameingia kwa Mungu kwa mlango wa aibu, na ndani ni nyumba ile ile.

Pasaka ikakaribia. Sisi Wamoravian, kwa asiyejua, Pasaka yetu haianzii kanisani. Inaanzia makaburini. Jumamosi watu wanapalilia makaburi yote, wanafagia, wanazungushia mawe, na Jumapili giza halijaondoka mnakusanyika pale pale katikati ya wafu mnangoja jua. Mzee wa kanisa anasoma majina ya wote waliolala tangu Pasaka iliyopita, kisha jua likitokeza mnaimba. Mgeni anaweza kuona ni jambo la kutisha. Kwetu ndiyo siku ambayo kaburi halitishi. Na katika kambi ile, ambako wafu walikuwa wengi na ndugu wachache, kila mtu alipewa kaburi la kulitunza. Mama Tabea akanipangia la yule Kabula wa machela. Nikasema, "Mimi nina uhusiano gani naye?" Akasema, "Mtu asiye na mtu, sisi ndio watu wake. Na wewe unanung'unika umetuliwa. Nenda kamtunze aliyetuliwa kweli."

Nilikwenda nimekunja uso. Lakini jembe lina dawa yake. Nilipong'oa magugu ya kwanza, nikaona udongo umetitia katikati, umeacha shimo kama sahani, nikamhurumia. Nikaufukia. Nikaenda mtoni na karai, nikaleta mchanga mweupe, mara tatu, nikaumwaga juu nikausawazisha kwa kiganja. Debora akaja bila kuitwa, akaniletea mawe ya kuzungushia, tukapatana hapo hapo bila kusema samahani. Nikamwambia yule marehemu, "Kabula, mwenzangu, mimi na wewe hatuna wageni." Hiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza tangu nigeukie ukuta.

Jumapili tukatoka na taa za chemli, kimya, kama ilivyo desturi, anayekohoa anakohoa kwenye nguo. Umande ulikuwa baridi kwenye miguu, kwa wale waliokuwa na miguu ya kusikia. Baadhi ya ndugu wa marehemu huja siku ile. Walisimama upande wa pili wa makaburi, mbali kidogo, vivuli tu. Mzee Yohana, aliyekuwa mlinzi wa lango na pia mzee wa kanisa, akasimama katikati na koti lake la kijeshi, akafungua karatasi, Debora akamwinulia taa. Akaanza kusoma. Kila jina akinyamaza kidogo. Zakaria. Rahabu. Mtoto wa Elizabeti. Akafika mwisho: "Na Kabula, ambaye hatukumjua baba yake wala mama yake."

Ndipo sauti ikatoka kule kwenye vivuli. "Anao! Ana baba! Ana mama! Mimi hapa mama yake!"

Watu wote wakageuka. Mimi sikugeuka, maana sikuhitaji. Sauti ile ilinitambua kabla sijaitambua. Mwanamke mwenye kaniki nyeusi akaja akipenya kati ya makaburi, hajali gogo wala sheria, kashika kilindo cha gome chenye asali kifuani, akauliza, "Lipi? Lipi la kwake?" Mtu akamwonyesha lile lenye mchanga mweupe. Akapiga magoti, akaweka kile kilindo juu ya mchanga, akapitisha mkono pale nilipopitisha mimi jana, akasema kwa sauti ndogo, "Nani amekutengenezea vizuri hivi, mwanangu? Nani amekuhurumia?"

Nikamwendea. "Mayo," nikasema.

Hakuinua uso. Alifikiri ni binti fulani anamfariji. "Ahsante, mwanangu, niache kidogo."

"Mayo, ni mimi."

Akaniangalia, lakini kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri, na mimi nilikuwa nimenenepa kwa ugali wa Mama Tabea, tena nimenyolewa nywele. "Wewe nani?" Nataka kusema kweli mbele ya wajukuu zangu: jina lililokuja ulimini lilikuwa Marta. Likafika hapa kwenye meno, nikaona halitanifikisha kwake. Jina lile zuri nililoringia miezi minne halikujulikana na mwanamke huyu aliyepiga magoti. "Kabula," nikasema. "Mimi Kabula wako."

Akanyanyuka polepole. Akasogea. Kisha akanipiga kofi la bega, pale pale kwenye baka, na safari hii nilisikia, si sana, lakini nilisikia. "Nyoosha mikono!" akasema, sauti imekatika. Nikanyoosha. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kambini alinishika. Akashika kidole kimoja kimoja, akakibana kama mtu anayepima mahindi sokoni, moja, mbili, tatu. Alipofika kumi akaanza upya. Mama Tabea alikuwa amesogea nyuma yangu, ameinua vile vigutu vyake viwili. "Vyote vipo, mama," akasema. "Nilikutunzia."

Mambo yalieleweka pale pale, watu wamesimama na taa zao. Mwezi ule wa mvua mama alilala na homa, akamtuma mjomba na mzigo wa matobolwa. Mjomba hakutaka kukaribia lango. Akasimama mbali akapiga kelele, "Nimemletea Kabula mzigo!" Mzee Yohana ndio kwanza amepewa kazi ya lango, na katika kambi nzima alimjua Kabula mmoja tu. Mwingine alikuwa Marta, na ole wake amwitaye vinginevyo. Akamjibu kwa upole, "Pole, mzee. Kabula tumemzika juzi." Mjomba akavua kofia, akaacha mzigo juu ya gogo, akaenda. Nyumbani wakanililia siku nne, wakanyoa. Na mimi nikala matobolwa ya msiba wangu mwenyewe, mchanga ukanililia menoni, nikasema nimeuma jiwe.

Mzee Yohana alikuwa analia bila kujificha. "Mama, nisamehe. Nimfute? Nifute hili jina?" Mama yangu hakuwa Mkristo wakati ule. Lakini alilitazama lile kaburi, akanitazama mimi, akasema neno ambalo mchungaji alilirudia miaka mingi baadaye bila kujua nani alilisema: "Usifute. Huyu naye ana mama mahali fulani, hajui tu. Mimi nimeshatembea njia yake. Ngoja nimlilie." Akakaa chini tena, akamlilia Kabula wa machela mpaka mwisho, kwa desturi, na sifa za ukoo wetu akampa zote. Asali akamwachia. Jua lilitokeza wakati bado analia, na watu walipoanza kuimba, kilio chake na wimbo vikaenda pamoja, hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baadaye tulikunywa chai ya upendo, chai na kipande cha mkate kwa kila mtu, chini, kwenye mikeka. Mama alikaa upande wetu wa gogo. Chai ya Mama Tabea ilikuwa ya moto, na Debora aliyekuwa akimnywesha kila siku alikuwa amekwenda kuteka maji. Mama yangu akaangalia kushoto na kulia, akaona hakuna mtu wa kumnywesha, akachukua kikombe akakipuliza, akamwinulia mdomoni. Mama Tabea alipomaliza alipangusa mdomo kwa bega akasema, "Mavuno ishirini," na mama hakujua maana yake, mimi nilijua.

Sikupona siku ile, msije mkahubiri uongo. Vidonge nilivimeza miaka mingine miwili, na Debora mitatu. Mama Tabea hakutoka kabisa, analala mstari wa tatu kutoka mwisho. Mama alikuja kila Pasaka kupalilia kaburi la Kabula mpaka magoti yakakataa, kisha nikaenda mimi, nikiwadanganya wanangu kwamba nakwenda mkutano wa akina mama. Ninachokijua kuhusu matumaini nilikipata pale, na si kikubwa. Wakati mimi nasema nimetuliwa, mama yangu alikuwa anasaga mtama wa matanga yangu. Wakati nasema Mungu kanisahau, nilikuwa nimekaa na matobolwa ya mkono wake mdomoni natafuna. Tangu hapo, njia ikinyamaza, sisemi tena kwamba hakuna anayekuja. Nasema labda amesimama langoni anauliza, na mimi sijasikia.

Neema amesoma mpaka hapa, alikuwa amesimama nyuma ya kiti akidhani simwoni. Akaniuliza, "Bibi, tukuite nani sasa?" Nikamwambia aniite Bibi, asijifanye mzungu. Lakini Pasaka hii mtanipeleka na gari kule Sikonge, na karai la mchanga, na wajukuu wa Debora waje, niwaonyeshe mahali wasifu wao uliporuka. Na siku yangu ikifika, kwenye msalaba andikeni majina yote mawili, Kabula na Marta, kwa herufi kubwa, rangi isiyofutika. Asije mtu akatembea siku moja na nusu kunitafuta, akalia kwenye kaburi la mwingine.